Idi mtaani ukiwa na paka wa kudeka: namna ya kumvusha kuanzia kumi la mwisho mpaka Idi nne

Hii nawaandikia wenye paka wa ndani khasa, sio wa mtaani. Paka wa mtaani hapa Unguja wala usimuonee huruma siku ya Idi, yeye keshazoea pikipiki, keshazoea kurushiwa ndara, akisikia baruti anapanda juu ya bati anatulia, vichwa vya changu vikitupwa anashuka. Tatizo ni huyu wetu, aliyeletwa mdogo ndani ya fleti, analala kwenye mto wa mwenye nyumba, samaki anatolewa miba, feni anawashiwa, halafu ghafla asubuhi moja nyumba imejaa watu asiowajua, watoto wanapuliza firimbi, na yule anaemdekeza yuko jikoni tangu alfajiri hana hata nafasi ya kumtupia jicho. Huyo ndo anaeruka roshani.

Paka anaishi kwa ratiba na kwa harufu, na Idi inavuruga vyote viwili kwa mkupuo. Kwa hiyo yote nitakayoeleza hapa yanarudi kwenye jambo moja, sikukuu ichukue nyumba nzima lakini pabakie pahala pamoja ambapo kwa paka hakuna sikukuu. Ukishapapata hapo, mengine ni madogomadogo, ingawa baadhi ya hayo madogomadogo yanaua.

Mimi nakaa maghorofa ya Michenzani, yale marefu yaliyojengwa baada ya Mapinduzi ya 1964 kwa msaada wa Ujerumani Mashariki, kwa hiyo mifano yangu mingi ni ya fleti, mwenye nyumba ya ua au ya Mji Mkongwe ageuze kidogo tu. Paka wangu anaitwa Kashata, dume, mnene kuliko inavyotakiwa, na yeye ndie mwalimu wangu kwa mengi humu.

Hatua ya kwanza: anza kumi la mwisho, usisubiri mwezi

Shida ya Idi yetu ni kwamba siku yenyewe huijui mpaka usiku wake. Mwezi 29 watu wamekaa na redio, ikifika saa mbili saa tatu usiku mara "mwezi umeandama", hapohapo mtaa unalipuka, takbira, honi, watoto na baruti zao, na wewe bado una nguo za kupiga pasi na nyama ya kuroweka. Saa hiyo ukianza kumtafutia paka pa kumuweka umeshachelewa. Na ipo miaka wengine wanafuata mwezi wa kwengine wanasali leo, wengine kesho, kwa hiyo kelele unazipata mara mbili.

Basi kuanzia mwezi ishirini na moja hivi chagua chumba. Kisiwe sebule, kisiwe karibu na mlango mkubwa, na kisiwe kile ambacho wanawake wataingia kusali au kunyonyesha maana hapo mlango utafunguliwa kila dakika. Chumba cha kulala cha ndani kabisa ndo kizuri. Weka humo:

- beseni lake la mchanga kona moja
- maji na chakula kona nyengine, mbali na mchanga, paka hapendi kula chooni
- boksi la kadibodi lililolazwa ubavu, ndani tandika khanga kuukuu uliyoivaa na USIIFUE, harufu yako ndo dawa yenyewe
- njia ya kupanda juu, kabati au meza, maana paka mwenye hofu ama anajibana chini ama anakwenda juu, mpe yote mawili achague

Kisha kila siku mlishe humohumo, mlango ukiwa wazi, kaa nae kidogo ukichezea simu yako. Lengo siku ya Idi ukija kuufunga ule mlango aone yuko kwake, asione amefungiwa.

Roshani sasa. Paka wanaanguka jamani, msidanganywe na maneno ya roho saba, akishtuka na mlipuko hapimi masafa, anaruka tu. Wavu wa mbu hauzuii kitu, kucha mbili ushachanika. Nenda kwa wavuvi utafute nyavu kuukuu ya uzi mnene yenye matundu madogo, ifunge juu chini na pembeni kwa waya, uivute iwe imekaza. Haina uzuri wowote, jirani atakuuliza kama unaanika dagaa, mwambie ndio.

Halafu katika siku hizohizo tafuta namba ya daktari wa mifugo na muulize waziwazi, siku za Idi unapokea simu? Kama hapokei akupe namba ya mwenzake. Watu wanalipuuza hili halafu Idi pili saa tano usiku wanaanza kuulizana kwenye magrupu ya WhatsApp nani anamjua daktari wa paka, na majibu wanayopewa huko ndo yale ya mpe maziwa, mpe Panadol. Kama paka wako ni wa kutetemeka mpaka anajikojolea kwa kelele, mwambie daktari mapema, zipo dawa za kutuliza ambazo yeye anaweza kukuandikia kwa uzito wa paka wako. Zile za usingizi za bibi ziwache zilipo. Chanjo ya kichaa cha mbwa nayo kama imepitwa na muda malizana nayo sasa, nyumba itajaa watoto wa watu na mkwaruzo hauko mbali.

Hatua ya pili: usafi, rangi na cherehani

Wiki ya mwisho nyumba zote zinageuzwa juu chini. Chokaa mbichi inaunguza, paka akiikanyaga kisha akajilamba miguu anaunguza na ulimi, kwa hiyo chumba kinachopakwa kifungwe mpaka kikauke sawasawa. Akijipaka rangi ya mafuta usimsugue na mafuta ya taa wala tina, hizo zinapita kwenye ngozi na anazilamba pia. Mpake mafuta ya kula palepale rangi ilipo, sugua taratibu, sabuni ya vyombo, suuza, na pakiwa pameshaganda kata nywele tu, zitaota.

Dawa za kupigia deki ndo hatari ambayo wengi hawaijui. Zile ambazo ukizitia kwenye maji yanageuka meupe kama tui, nyingi zina kemikali jamii ya finoli, na ini la paka haliwezi kuivunjavunja hiyo kitu kama ini letu. Sakafu ikiwa bado mbichi anapita, anajilamba, basi. Tumia sabuni ya kawaida na maji kwenye sehemu anazopita. Vile vidonge vyeupe vya kuwekea kabatini nondo wasile nguo navyo ni sumu, na paka anapenda kabati kupita maelezo, ukitoa kanzu za mwaka jana angalia vimedondokea wapi.

Uzi. Hapa naomba mnisikilize vizuri. Kumi la mwisho kila nyumba ina mtu anashona au anapunguza urefu wa nguo, cherehani inalia mpaka usiku, vipande vya uzi vimejaa chini. Ulimi wa paka una vijimiba vimeelekea nyuma ndani, kwa hiyo akishaanza kutafuna uzi ni vigumu kuutema, unakwenda ndani tu, na mwisho mwengine ukiwa na sindano ndo balaa. Fagia kila mkimaliza, sindano zote kwenye kopo lenye kifuniko, na riboni za zawadi na nyuzi za maputo hivyohivyo. Ukimuona uzi unaning'inia mdomoni au nyuma, USIVUTE. Unaweza kukata utumbo kwa ndani. Ni kwa daktari moja kwa moja.

Na kumkosha paka kwa ajili ya Idi acheni. Paka mzima anajisafisha mwenyewe, mchane nywele yatosha. Wapo wanaompulizia uturi, wengine wanampaka mafuta ya karafuu eti anukie na viroboto wakimbie. Karafuu sisi ndo kwetu lakini mafuta yake kwa paka ni sumu, tena yanapita kwenye ngozi. Dawa ya viroboto ya mbwa pia usimtie, nyingi zina pemethrini, na paka inamtia degedege.

Hatua ya tatu: usiku wa mwezi

Mwezi 29 kabla ya magharibi paka awe yuko chumbani kwake, keshakula, mlango umefungwa. Usingoje tangazo. Mwezi usipoonekana kesho mnarudia, hakuna hasara.

Funga madirisha yote ya upande wa barabara, shusha pazia zito, washa feni na redio kwa sauti ya kawaida isiyobadilikabadilika, kisomo kinafaa sana. Binaadamu masikio yetu yanaishia kwenye mlio wa kama kilohezi 20, paka anafika 64 hivi, kwa hiyo mchakacho wa fataki unaousikia wewe ni sehemu tu ya unaomfika yeye. Akijificha uvunguni mwache. Usimvute miguu kumtoa umbembeleze, hapo ndo utakwaruzwa halafu useme paka hana shukrani. Ila akija mwenyewe mbembeleze tu, yale maneno kwamba ukimbembeleza ndo unamfundisha woga hayana ukweli.

Kabla ya hapo mvalishe ukanda wa shingoni wenye namba ya simu, ule wa kufyatuka ukinasa, usiwe wa kukaza, na mpige picha safi ya ubavuni na ya usoni. Nguo nyengine hana haja nazo. Naona watu wanawashonea paka vikanzu na vikofia, vinapendeza kwenye picha sawa, lakini muangalie anavyotembea akivalishwa, amejikunyata chini miguu imekufa ganzi, hiyo raha ni yako wewe.

Wanawake mnaopaka hina na piko usiku huo, mnajua wenyewe ukishakaa na mikono na miguu imenyooshwa huwezi kuinuka ndo paka anakuja kukukalia. Hina tupu nongwa yake ni madoa kwenye shuka. Piko ni kitu chengine, ina kemikali kali hata kwa ngozi ya mtu, yeye asiilambe kabisa. Sababu nyengine ya mlango kufungwa mapema.

Hatua ya nne: asubuhi ya Idi mosi

Alfajiri kabla hamjakwenda kusali ingia kwake, mlishe chakula kilekile cha kila siku kwa saa ileile, safisha mchanga, cheza nae kidogo kwa kamba au manyoya (ukimaliza kamba itoe, nimeshasema habari ya uzi). Akishacheza akala, atalala. Paka analala nusu ya siku na zaidi, kwa hiyo ukimpa mwanzo mzuri mchana wote ataumaliza usingizini, na hiyo ndo siri kubwa kuliko zote.

Udi na ubani, najua Idi bila chetezo sio Idi. Fukizeni ila sio chumba cha paka, na madirisha ya nyuma yawe wazi. Mapafu yake madogo na wapo paka wenye pumu kama watu. Na chetezo chenye makaa kisiwekwe chini kikaachwa, mkia unapita juu yake yeye hana habari.

Wageni wanaanza kumiminika baada ya swala. Ufunguo wa chumba cha paka uwe mfukoni mwako au uninginie shingoni, karatasi mlangoni haisaidii, shangazi hasomi karatasi, anafungua akitafuta pa kuweka baibui lake. Kama mlango hauna ufunguo weka mlinzi. Hii ni njia niliyoipenda sana, chukua mtoto wa miaka tisa kumi, yule mtulivu, mwambie wewe leo ndo mlinzi wa paka, mtu asifungue bila ruhusa yako, na mkono wako wa Idi utazidi elfu moja kuliko wenzio. Anakuwa mkali kuliko askari wa bandarini. Wenziwe watakwenda Mnazi Mmoja na Kariakoo jioni kwenye mabembea, na yeye mpe ruhusa aende nao, wala usimzuie, wakati huo wageni wameshapungua.

Kuna wageni watauliza "paka yuko wapi tumuone". Kama paka wako ni wa kupenda watu, mchana nyumba ikitulia mfungulie mlango aje mwenyewe. Watoto waambie maneno machache tu: kaa chini, nyoosha kidole anuse, akija mguse kidevuni na mashavuni, tumbo na mkia hapana, akiondoka hafuatwi. Mtoto chini ya miaka mitatu mshike mkono wewe mwenyewe. Akitokea mtu amekwaruzwa au kung'atwa usipake unga wa kahawa wala dawa ya meno, peleka bombani, maji yanayotiririka na sabuni dakika kumi na tano kwa saa, kisha hospitali wamuangalie kama anahitaji sindano za kichaa cha mbwa, hata kama paka wako ana chanjo waachie wao waamue.

Na atakuwepo mgeni wa kusema paka anatia najisi nyumba ya kusalia. Mkumbushe kwa upole ile hadithi ya Abu Qatada katika Abu Daud, alivyomuinamishia paka chombo cha maji ya udhu anywe, akataja kauli ya Mtume (s.a.w.) kuwa paka si najisi, ni katika wale wanaokuzungukeni. Swala yake iko salama. Baibui lake jipya jeusi ndo haliko salama, manyoya ya Kashata ni meupe, kwa hilo vaa glavu ya mpira ya kuoshea vyombo, ilowanishe kidogo, pitisha juu ya nguo upande mmoja, manyoya yanajikusanya yote.

Hatua ya tano: sahani

Kila mgeni anaependa paka anataka kumpa kitu. Tangazeni mapema, paka halishwi mezani. Orodha ya vya Idi vinavyomdhuru ni ndefu kuliko vinavyomfaa.

Pilau na biriani ndo za mbele. Nyama ndani yake si tatizo, tatizo ni vitunguu maji na thomu (vitunguu saumu), vinavunja seli nyekundu za damu ya paka, na kupika hakupunguzi kitu, ukoko wa vitunguu vya kukaanga wa biriani ndo umekolea zaidi. Kuipangusa nyama mchuzi hakuifanyi ikawa salama. Zabibu za kwenye pilau pia ziwekwe mbali. Boko boko mtu atasema ni ngano na nyama laini si mbaya, lakini kuna samli na mara nyengine kitunguu juu, ataharisha kwenye zulia la wageni.

Mifupa iliyopikwa, ya kuku khasa, inavunjika vipande vyenye ncha. Vikusanye sahani moja moja inaporudi jikoni, usiweke lundo kwenye beseni ukaenda kupokea mgeni. Taka zifungwe zitoke nje, maana vijiti vya mishkaki vinanuka nyama na atavitafuna.

Maziwa? Paka wengi wakubwa hawana uwezo wa kuyameng'enya, wanaharisha. Tui la nazi mafuta matupu. Halua, kashata, visheti, tambi za sukari, kwa haya hata hupati shukrani, ulimi wa paka hauhisi utamu wa sukari, hana hicho kihisio kabisa, akikulilia visheti anafuata samli tu. Chokoleti ndo sumu kabisa.

Ukitaka na yeye apate Idi yake, mchemshie kipande cha kuku au samaki bila chumvi bila chochote, toa mifupa na miba, mpe kama vidole viwili hivi juu ya chakula chake cha kawaida. Ini la kuku kipande kidogo sawa, lakini sio kila siku, vitamini A inazidi na inamharibu mifupa.

Na Panadol. Mtu anaona paka kanyong'onyea baada ya siku ndefu anamvunjia nusu kidonge. Kidonge kimoja kinatosha kumuua paka, na nusu si salama. Ufizi unageuka rangi ya kahawia au bluu, uso na miguu inavimba, anahema kwa shida. Hakuna kipimo cha Panadol cha paka, hata cha mtoto mchanga.

Akitoroka

Inatokea, mlango umebaki wazi. Kwanza usifanye mtaa mzima ukamkimbiza na watoto wakipiga kelele, atakwenda mbali zaidi. Paka wa ndani akitoka mara nyingi hajafika mbali, amejibana chini ya ngazi, nyuma ya tangi la maji, uvungu wa gari, ghorofa ya juu kwenye kona ya kiza, na hatokuitika hata akikusikia kwa sababu hofu inamziba mdomo. Angalia ndani ya jengo lako kwanza, kila ghorofa, kisha majengo ya pembeni. Tuma picha kwa majirani. Ikifika saa nane usiku mtaa umelala, toka peke yako na tochi, mulika chini chini, macho yake yatang'aa, kaa chini mwite kwa sauti unayomwitia chakula, tikisa kopo lake. Usiku wa manane ndo wanapatikana, mchana wa Idi sahau.

Dalili za kutosubiri sikukuu iishe

Kutokula siku moja kwa sababu ya kelele kunasameheka. Paka mnene akikaa siku mbili hajala, daktari, kwa sababu mafuta yanajazana kwenye ini na hilo linageuka ugonjwa wenyewe. Kuhema mdomo wazi sio joto tu, paka si mbwa.

Wenye madume naomba msikie zaidi. Hofu na msukosuko vinaweza kumsababishia dume kuziba mkojo. Utamuona anaingia kwenye mchanga anatoka, anajikunja, analia, matone hamna, na watu wanafikiri kafunga choo wanampa mafuta ya nazi. Dume anaejikamua bila mkojo kutoka ni dharura ya siku hiyohiyo, akifika kesho kutwa anaweza kuwa amekufa. Ndio maana kila ukiingia chumbani kwake siku za Idi angalia mchanga, una madongo ya mkojo au mkavu? Na mchanga utolewe kila siku, wenye mimba wasiuguse, kuna kimelea kinaitwa toksoplazma kwenye kinyesi cha paka ambacho huchukua siku moja mpaka tano ndo kiwe cha kuambukiza, ukisafisha kila siku unakiwahi.

Sikukuu imekwisha, lakini daku haijaisha

Idi nne jioni mfungulie nyumba yote, acha azunguke anuse kila mahali, atajisugua mashavu kwenye viti kurudisha harufu yake, usivipanguse kwa siku mbili tatu.

Jambo ambalo hakuna anaekuonya ni hili: mwezi mzima mmekuwa mnaamka saa kumi kasoro kula daku na yeye anapata chake. Mwezi umeandama, nyinyi mmelala, yeye hajapewa taarifa. Saa kumi kasoro yuko juu ya kifua chako. Ukiinuka ukampa ili anyamaze umejitia kitanzi mpaka Ramadhani nyengine. Fanya hivi, mlo wake wa usiku usogeze mbele, mpe saa nne tano unapolala wewe, baada ya kumchezesha mpaka achoke. Ule wa alfajiri usogeze robo saa kila baada ya siku mbili mpaka ufike saa moja. Akilia usimjibu, hata kumgombeza ni kumjibu. Siku za mwanzo utatukana kimoyomoyo.

Vifaa vyote, nyavu, boksi, ukanda, usivitawanye, maana Idi kubwa iko mbele, miezi miwili na siku tisa hivi ukihesabu tangu Idi mosi. Ile ina watu wachache sebuleni lakini ina nyama. Mbuzi wamefungwa chini ya jengo, damu inanukia mpaka ghorofa ya tano, na paka wa kudeka ambae hajawahi kuwinda hata mjusi anageuka chui mlangoni. Fungu la udhiya likiingia ndani liende frijini au jikoni na mlango ufungwe, nyama mbichi na matumbo asipewe hata akilia machozi, toksoplazma anaipata humo pia, mchemshie. Mafuta ya mkia wa kondoo yatupwe mbali kabisa.